Doa Jekundu Ng'ambo ya Mto

Padri Anselme alimchana ng'ombe wa Théophile mbele ya darasa zima. Hakuwa na hasira. Alichana taratibu, kwa huruma, kisha akaviweka vipande juu ya meza ya mwalimu na kuvifunika kwa kiganja chake. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mzuri, wa pembe ndefu, na Théophile alikuwa amemchora tangu asubuhi huku ncha ya ulimi imemtoka nje.

"Hapana ng'ombe," Padri akasema kwa Kiswahili chake kichanga. "Hapana nyumba, hapana mutu, hapana kuku. Mimi nataka peinture abstraite. Rangi ya roho tu. Watoto ya Afrika iko nayo ndani, haina lazima ya kufundishwa." Akamgeukia mwalimu. "Evode, uwafundishe."

"Ndiyo, Padri," Mwalimu Evode akajibu, kwa sababu katika miaka yake ya ualimu hakuwahi kumjibu padri yeyote neno jingine.

Ulikuwa mwaka wa 1955, katika shule ya misheni iliyo juu kidogo ya Lushebere, katika milima ya Masisi. Padri alikuwa amefika kutoka Ubelgiji na masanduku ya rangi za chupa, ambazo wazee wa kilima walidhani ni dawa ya minyoo mpaka walipowaona watoto wakirudi nyumbani na vidole vya buluu. Aliamini, na aliamini kwa moyo wote, kwamba mtoto wa Kiafrika asipoharibiwa na mtu atachora kile ambacho wachoraji wakubwa wa Ulaya wanakitafuta hadi nywele zinawanyonyoka. Shida ni kwamba watoto wenyewe hawakuwa na habari hiyo. Wakiachwa peke yao, walichora ng'ombe.

Walipotoka nje Padri alimshika Evode begani. "Sikukuu ya Petro na Paulo wageni watakuja kuona. Administrateur na Madamu yake, na agronome. Kama wewe hauwezi, haina ubaya. Nitaomba moniteur mwingine kule Bukavu."

Evode aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani. Haina ubaya kwa Padri, hilo alilielewa. Lakini nyumba aliyolala yeye na mkewe, mama yake na binti yake Euphrasie ilikuwa mali ya misheni, ya matofali na mabati, na ilikwenda pamoja na kazi kama chaki na kengele. Huyo mwalimu mwingine angekuja kulala humo humo.

Mkewe, Libérata, alikuwa uani akichagua maharage. "Papa Euphrasie," akasema baada ya kumsikiliza, "hiyo kitu ya Padri iko nini?"

"Ni kuchora kitu chenye hakiko."

Libérata alitupa punje mbovu kwa kuku. "Sasa kama hakiko, mutoto akikosa utajua namna gani?"

"Padri njo atajua."

"Umuulize basi."

"Nimuulize Padri kitu chenye ananilipa nifundishe?"

Libérata aliliona jambo hilo kuwa na uzito, akarudi kwenye maharage yake.

Aliyeleta ufumbuzi ni mbuzi. Jumapili baada ya misa mbuzi wa Evode alikata kamba, akapanda kilima kilicho nyuma ya kanisa, na Evode akapanda nyuma yake akitukana kwa sauti ya chini, kwa kuwa alikuwa bado amevaa suruali ya misa. Alipofika juu aligeuka kuvuta pumzi. Chini yake bonde lote lilikuwa limelala wazi. Nyumba zilijificha chini ya migomba, watu hawakuonekana, ng'ombe walikuwa vumbi tu. Kilichobaki ni mashamba: kipande cha kijani cha muhogo, kipande cha manjano cha maharage yaliyokauka, kipande cheusi kilicholimwa jana, na juu ya vyote mistari iliyopinda ya mitaro ya kuzuia udongo, mmoja juu ya mwingine. Evode alisimama pale kitambo kirefu. Mbuzi alimngoja.

Kesho yake alilipeleka darasa zima juu ya kilima. "Muangalie chini," akawaambia. "Musichore ng'ombe, musichore nyumba, musichore muntu. Muchore mashamba tu, kila moja na rangi yake, vile munayaona toka hapa. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza."

Watoto waliyajua mashamba yale kwa migongo yao, kwa kuwa waliyapalilia. Hakuna aliyeuliza swali.

Padri alipoziona picha zile aliketi kwenye dawati la mtoto, na dawati likalia. Alizishika moja moja. Machozi yalimlengalenga, na hili halikuwa maigizo. "Na hii mistari," akasema, akipitisha kidole juu ya mitaro ambayo baba zao waliichimba kwa kusimamiwa na polisi, "hii mistari ya nyimbo! Evode, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia wasichore ng'ombe, Padri."

"Basi?"

"Basi, Padri."

Padri hakuuliza zaidi, na Evode hakuwa na tabia ya kujibu asichoulizwa.

*

Kwa majuma kadhaa Evode alilala vizuri. Kisha Padri akachagua picha ya kuwekwa katikati ya ukuta, peke yake, na akamwita mwalimu aje kuiona. Ilikuwa ya Euphrasie, binti yake Evode mwenyewe, mtoto mtulivu aliyekuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza.

Picha ilikuwa safi. Hapa mashamba, hapa mitaro, hapa mto umekatiza yote kama mshipi. Ng'ambo ya mto kijani kizito cha pori, bila mstari wala kipande. Na katikati ya kijani kile, doa moja jekundu, lenye pembe nne, limekaa kwa raha zake.

"Unaona?" Padri akanong'ona. "Peke yake. Ndani ya giza. Nimeipa jina, Kilio cha Roho."

Evode aliona. Aliona shamba la mtama la mama yake.

Kila mtu pale kilimani alikuwa amepimiwa kipande chake, na katika kipande hicho agronome, bwana shamba wa serikali, ambaye watu walimpa jina la Bwana Mitaro, alikuwa ameamuru muhogo na maharage. Mtama haukuwa na nafasi. Ng'ambo ya mto lilikuwa pori la serikali, na mtu kukutwa na jembe humo ilikuwa kesi ya gereza la Masisi. Lakini Mukankusi, mama yake Evode, alikuwa anamwoza mwanawe wa mwisho, Jean-Bosco, na hakujua arusi isiyo na pombe ya mtama inafanyikaje. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alivuka mto na jembe, akafyeka mahali pasipoonekana kutoka kwenye njia yoyote, akapanda. Kutoka juu ya kilima, ambako hakuna agronome aliyewahi kupanda kwa kuwa hakuna shamba, palionekana vizuri sana tangu mtama ulipogeuka mwekundu.

"Padri," Evode akasema, "mutoto alikosa hapa. Nitengeneze kidogo."

Padri aliirudisha picha kifuani mwake. "Mutu mukubwa hapana kugusa. Hata wewe, baba yake. Zaidi wewe."

Jioni ile Evode alimfuata mama yake jikoni. "Mama, ule mutama tuukate kesho."

"Haujakauka."

"Bwana Mitaro atauona ku picha ya mutoto."

Mukankusi alisonga kuni motoni. "Ku picha? Na alichora vizuri?"

"Vizuri sana, Mama. Njo shida."

"Basi usiseme mubaya ya mutoto." Akafikiri. "Arusi iko muezi wa saba. Mutama ukikatwa mubichi, nitapika pombe na nini? Na rangi ya Padri?"

"Nitafukuzwa, Mama. Tutalala wapi?"

"Mwenye alimupeleka juu ya kilima ni nani? Mimi?"

Evode alitoka nje, akasimama uani akiyatazama mabati ya nyumba. Yeye ndiye aliyesema hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Mtoto alikuwa ametii. Angekuwa mzembe kama Théophile, ambaye kila shamba lake lilikuwa na umbo la ng'ombe aliyelala, leo wangekuwa salama.

*

Sikukuu ya Petro na Paulo picha zilitundikwa kwenye kamba, kutoka ukuta hadi ukuta, kwa vibanio vya nguo. Wageni walikuwa bado wanakunywa kahawa kwa Padri, na watu wa kilima, waliotoka misani na nguo zao nzuri, waliruhusiwa kuingia kwanza.

Waliingia kwa adabu, kofia mkononi. Wakazitazama picha moja moja. Kisha mzee Kanyamibwa akanyoosha fimbo yake.

"Hii iko muhogo yangu."

"Njo yenyewe," jirani yake Grégoire akasema. "Na hii iko maharage yangu."

"Maharage yako imefika namna gani huku? Mupaka iko ku mutaro."

"Mutoto amechora vile iko."

"Mutoto ya nani?"

"Ya kwangu."

"Aa. Ya kwako," Kanyamibwa akasema, na wote wakaelewa.

Baada ya muda mfupi chumba kizima kilikuwa kinaongea, Kiswahili cha haraka kilichochanganyika na Kinyarwanda, kila mtu ameshika kona ya picha na kuonyesha mahali jiwe la mpaka lilipohamishwa, na mwaka gani, na ni marehemu yupi aliyelihamisha. Mama mmoja alilia alipoona shamba la mumewe aliyekufa limelimwa na shemeji. Padri aliingia na wageni wake, akasimama mlangoni, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeona mbingu.

"Wanasema nini?" akamwuliza Evode. "Wameguswa?"

"Wameguswa sana, Padri."

Administrateur, mkuu wa wilaya, alipita upesi na kutoka kuvuta sigara. Madamu wake alipita polepole, akisema kwamba alishaona vitu kama hivi Paris ila vya bei. Bwana Mitaro ndiye aliyekawia. Alikuwa mtu mrefu wa miguu mikubwa, aliyezunguka Masisi nzima kwa miguu hiyo miaka na miaka, na kila picha ilimkunja shingo zaidi. Mbele ya moja alivua kofia.

"Hii ni mitaro yangu," akasema kwa Kifaransa, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho hakuna mtu wa kilima aliyewahi kukisikia kwake. Hakuna aliyewahi kuichora mitaro yake.

Evode alikijua Kifaransa kuliko alivyotamani siku hiyo. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ubao.

Bwana Mitaro akafika katikati ya ukuta. Akautazama mto. Akavuka mto. Akainama. "Huu ni mtama," akasema. "Umekomaa. Ndani ya pori la serikali."

Padri alicheka kwa uchungu. "Rafiki yangu, usitafute viazi humu. Hii ni Kilio cha Roho."

"Ni mtama, mon père. Hapa ni kivuko, hapa ni jabali, hapa..."

"Maskini wee," Madamu akasema, akimgusa mkono, "nadhani hata altareni unaona muhogo." Akacheka, na karani mmoja aliyekuja nao akacheka, kwa kuwa Madamu alicheka. Bwana Mitaro akaiva masikio. Alimgeukia Evode, kwa Kiswahili sasa, Kiswahili cha kuulizia makosa.

"Mwalimu. Hii nyekundu iko nini?"

Evode aliitazama nyekundu ile. Alijua hata mahali ambapo ndege walikuwa wamekula, kwa sababu mtoto alikuwa amepaacha peupe.

"Haiko kitu, Bwana."

"Nani alichora?"

Mkono wa Padri ulimsukuma Euphrasie mbele kwa upole. Alikuwa amevaa gauni jeupe lililoshonwa kwa ajili ya komunyo. Asubuhi nyingi alikuwa amekaa kando ya mtama ule na nyogokuru, bibi yake, wakifukuza ndege, na alipoichora sehemu hiyo alikuwa ameosha brashi mara mbili ili nyekundu isichafuke.

"Mutoto. Wewe njo ulichora. Hii iko nini?"

Euphrasie alimtazama baba yake. Evode alitazama viatu vyake.

"Haiko kitu, Bwana," mtoto akasema. "Iko rangi tu."

Padri alifumba macho kwa furaha. "Umesikia? Na hakuna aliyemfundisha."

Tangu somo lile lianze hakuna mwanafunzi aliyejibu vizuri namna ile, na Evode aliona haya mpaka shingoni. Angetoa kitu kikubwa kumsikia binti yake akikosea.

"Nitakwenda kuangalia," Bwana Mitaro akasema, akivaa kofia.

"Nenda," Padri akamjibu. "Vuka mto ukatafute picha porini, kisha utusimulie mezani." Madamu akaanza kucheka tena. Bwana Mitaro alisimama kidogo, akiwa na haki yote upande wake na kicheko chote upande wa pili, kisha akatoka nje kuomba sigara. Hakuvuka mto. Picha ilifungwa kwa kitambaa, ikapakiwa kwenye gari la Administrateur, ikaenda Bukavu kuonyeshwa kwa wakubwa zaidi.

*

Jumamosi alasiri Libérata alirudi kutoka kanisani peke yake.

"Mutoto iko wapi?" Evode akauliza.

"Nimemuacha ku mustari ya kuungama."

Evode aliweka kikombe chini. "Kuungama nini? Ako na zambi gani, mutoto vile?"

"Wewe njo unauliza?" Libérata akasema, akaingia ndani kuvua viatu.

Evode alikwenda kanisani karibu kukimbia. Alifika wakati Euphrasie anainuka kutoka kwenye kile kisanduku cha mbao cha kuungamia na kwenda kupiga magoti mbele, uso umetulia, mikono imekunjwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu mwingine katika mstari. Padri angeweza kutoka. Hakutoka. Pazia halikutikisika, na Evode alisubiri nyuma ya nguzo hadi miguu ikamfa ganzi, kisha akaenda nyumbani na kuanza kufikiria ni nani angempokea na mama mzee na vyombo vyake.

Jumatatu Padri aliingia darasani bila kusalimu. Alikusanya chupa za rangi, moja moja, akazirudisha kwenye sanduku. Watoto walimtazama. Alipofika kwenye nyekundu aliiinua kwenye mwanga, ilikuwa imebaki kidogo tu, akaiweka pamoja na zingine.

"Mwalimu," akasema, "njoo nje."

Walisimama ukutani. Kilima cha nyuma ya kanisa kilikuwa mbele yao. Evode alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha, ila hakuweza kuyasema kabla ya kujua kama Padri anajua, na alijua kwamba Padri, hata kama anajua, hana ruhusa ya kujua, kwa kuwa yaliyoungamwa hayatoki kisandukuni.

"Kile kilima," Padri akasema, "wewe unapandaka wakati mwingine?"

"Wakati mwingine, Padri. Kutafuta mbuzi."

"Na kule juu kunaonekana mbali?"

"Kunaonekana, Padri."

Padri alitikisa kichwa. Alionekana amezeeka tangu sikukuu. Bukavu walikuwa wameshamtumia salamu za pongezi, na kulikuwa na habari kwamba picha ingepelekwa mpaka Ulaya na lile jina lake. "Mimi sijapanda," akasema. "Magoti yangu mubaya." Akakitazama kilima kwa muda. "Nafikiri sitapanda."

"Ndiyo, Padri."

"Toka leo watachora nyungu. Na ng'ombe. Yule mutoto Théophile, umuambie achore ng'ombe yake tena."

Akaenda zake na sanduku kifuani, na Evode akabaki ukutani. Alikuwa bado mwalimu. Alikuwa bado na nyumba. Alipata hamu ya kumkimbilia yule mzee amsaidie kubeba sanduku, lakini hakujua angemwambia nini njiani.

*

Mtama ulikauka kwa wakati wake, ukakatwa kwa wakati wake. Siku chache kabla ya arusi ya Jean-Bosco uwanja wa Mukankusi ulikuwa umejaa harufu ya kuchacha, na nyungu kubwa ya pombe ilikaa karibu na mlango. Padri Anselme mwenyewe alikuwa amekubali kuja kubariki maarusi na kukaa kidogo.

Evode aliporudi kutoka shule alimkuta Euphrasie ameketi chini mbele ya nyungu ile, karatasi magotini, kalamu ya risasi mkononi. Hakuwa amegusa kuchora tangu sikukuu.

"Nani amekuambia uchore?"

"Padri. Njo malipizi yangu ya kuungama." Hakuinua macho. "Salamu Maria nilishazisali. Ilibaki kuchora nyungu ya nyogokuru, vile iko, bila kuongopa."

Evode aliinama kuangalia. Nyungu ilikuwa yenyewe, na ufa wake wa shingoni, na weusi wa moshi upande mmoja. Hakuna kilichoongezwa. Hofu ilimrudia, kwa kuwa sasa alijua binti yake huchora kila kitu, na karatasi hiyo ilikuwa inakwenda kwa Padri, na kwa Padri hupita wageni, Bwana Mitaro akiwemo.

"Na ndani?" akauliza polepole. "Utachora chenye kiko ndani?"

Euphrasie alimtazama, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeshasamehewa na anayengoja wengine.

"Ndani haionekane, Papa. Padri alisema chenye kinaonekana tu."

Akalamba ncha ya kalamu, akachora jani la mgomba juu ya mdomo wa nyungu, akalikaza vizuri pande zote.